Maswali ya Wasomaji: Kusubu Metali, Kutoka Karakana Hadi Jikoni

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa mafundi wanaosubu alumini, yaani kuiyeyusha na kuimimina ipate umbo, na chache kwa watu wanaotumia vitu vinavyotoka kwenye karakana hizo. Tumezijibu pamoja kwa makusudi, kwa sababu kasoro anayokutana nayo mpishi jikoni au mwenye mashine ya kusaga mara nyingi ilianzia kwenye lundo la skrepa, kabla hata tanuri halijawashwa.

Shikamooni wataalamu. Najifunza kusubu puli za alumini za mashine za kukoboa. Zikikerezwa zinatokeza vitundu vidogo ndani na wateja wanazikataa. Anayenifundisha anasema niongeze moto. Nimeongeza, vitundu vimezidi. — Mwanafunzi wa ufundi, Morogoro

Marahaba. Punguza moto.

Lakini kabla ya hapo, chukua puli iliyokataliwa uitazame juani. Vitundu vikiwa vya mviringo, kuta zake laini na zinang'aa, na vimetawanyika kila mahali, hiyo ni gesi. Vikiwa na kuta zenye miiba miiba na vimejikusanya pale puli ilipo nene, hasa kwenye kitovu kinachopokea shafti, hiyo si gesi: metali imesinyaa ikakosa pa kujazia. Na ukikuta chembe za mchanga ndani yake, kalibu (umbo la mchanga linalomiminiwa metali) ilimomonyoka wakati wa kumimina. Ni magonjwa matatu tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Kwa maelezo yako, tunaamini wako ni wa gesi, na gesi yenyewe ni haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka inainyonya kutoka kwenye mvuke wa maji: skrepa yenye unyevu, grisi na rangi, chungu kilicholala nje usiku, hata moshi wa oili chafu unaopita juu ya metali. Alumini ya maji hubeba haidrojeni takribani mara 20 kuliko iliyoganda. Inapoganda, ile ya ziada hutafuta pa kutokea, ikikosa hubaki ndani kama kitundu. Na kadiri metali inavyozidi joto ndivyo inavyonyonya zaidi. Ndiyo maana ulipoongeza moto uliongeza vitundu.

Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Pistoni, vichwa vya silinda na magamba ya giaboksi vina silikoni, kwa hiyo huanza kuyeyuka chini ya nyuzi 600, na metali yake hutiririka vizuri kuliko alumini safi. Kwa puli ya kawaida, mimina kati ya nyuzi 700 na 740. Kama huna kipimajoto cha waya, usiiangalie metali, kwani alumini hubaki ya rangi ya fedha hata ikiwa imepitiliza, na imewadanganya mafundi wengi. Angalia chungu, na ukiangalie kivulini. Kikiwa chekundu kilichofifia, umefika. Kikianza kugeuka rangi ya chungwa, umeshaharibu.

Kuna kipimo cha haraka kisichohitaji kifaa. Teka metali kidogo kwa upawa uliopashwa moto, imwage kwenye kopo la chuma lililokauka na lenye joto, kisha tulia uitazame ikiganda. Uso ukibonyea katikati, metali ni njema. Ukivimba, na vipovu vidogo vikapasuka juu yake dakika ya mwisho, usimimine. Punguza moto, acha metali ipoe hadi ianze kuganda pembeni, halafu ipandishe tena upesi. Haidrojeni nyingi itakuwa imetoka. Usikoroge koroge. Ule utando juu ya metali ni ngao yake. Yaondoe mavi (taka za metali) yanayoelea mara moja tu, unapokaribia kumimina.

Skrepa ichambue. Pistoni zitoe pini na ringi, kisha zipange ukingoni mwa tanuri zikauke na ziungue mafuta kabla hazijaingia. Makopo ya soda achana nayo: ni membamba, yana rangi, na sehemu kubwa itageuka mavi badala ya metali. Kama unayeyushia kwenye chungu cha chuma, kipake ndani udongo mfinyanzi au chokaa kila siku, ukikaushe. Alumini hula chuma. Ukiiacha humo saa nyingi, chungu kitatoboka na puli zitavunjika kama biskuti.

Sasa mchanga, maana nao huleta gesi. Kwa kilo 50 za mchanga laini uliokauka na kuchekechwa, weka kilo 4 za udongo mfinyanzi uliosagwa na lita 2 za maji, nyunyiza kidogo kidogo huku ukichanganya. Ufinyange kwenye ngumi: uoneshe alama za vidole bila kunata mkononi, na ukiuvunja katikati uvunjike safi, usipukutike. Ukinata, maji yamezidi. Baada ya kushindilia, toboa matundu ya hewa kwa spoku ya baiskeli, yaishie kama sentimita moja kabla ya kugusa modeli, yaani kielelezo cha kitu kinachoacha umbo lake mchangani. Wasomaji wa pwani wanaochota mchanga ufukweni wajue kuwa una chumvi na vipande vya makombe. Makombe yakikutana na shaba au chuma cha moto hutoa gesi yake yenyewe. Tafuta mchanga wa bara.

Ukishamaliza gesi, huenda ukagundua kuwa kitovu bado kina shimo. Hapo ni kusinyaa. Alumini hupungua karibu asilimia 6 ya ujazo inapotoka maji kuwa ngumu, na sehemu nene huganda mwisho, wakati wembamba ulioizunguka umeshafunga njia. Weka tundu la akiba, yaani nafasi ya metali ya ziada, juu ya kitovu, pana kuliko unene wa kitovu chenyewe, ili liwe la mwisho kabisa kuganda na liendelee kukilisha. Tundu jembamba huganda mapema, halafu badala ya kulisha kitovu, linakinyonya. Metali ya tundu hilo haipotei. Utaikata na kuirudisha chunguni.

Nimenunua sufuria nzito iliyosubiwa kienyeji, bei nafuu kuliko za dukani. Jirani ananiambia zina sumu. Ni kweli? — Mama wa watoto watatu, Tanga

Mama, jirani yako hajazua. Uchunguzi wa sufuria za aina hiyo uliochapishwa mwaka 2014 kutoka Cameroon ulikuta zinatoa risasi (ile metali yenye sumu) kwenye chakula chenye asidi. Mwingine wa mwaka 2017 ulipima vyombo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi yake vilitoa risasi, kadimi au aseniki, pamoja na alumini yenyewe. Hazikuwa zote sawa. Tofauti huletwa na kilichotupwa chunguni: ukiyeyusha pistoni na rimu unapata kitu kimoja, ukichanganya rejeta zenye lehemu na mabaki ya vyombo vya umeme unapata kingine.

Tatizo ni kwamba risasi haionekani kwa macho wala kwa ulimi. Sufuria kung'aa si ushahidi, na sumaku haitakusaidia. Kwa hiyo, kwa chakula cha watoto wadogo na cha mjamzito, tungependa utumie chombo kingine kabisa, kwani risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Kama sufuria hiyo itaendelea kutumika, itumie kwa wali, ugali na kuchemshia viazi. Usiipikie mchuzi wa nyanya nyingi, ukwaju, ndimu wala siki, na usilaze chakula humo hadi asubuhi. Magadi nayo yaogope. Watu huyaweka kwenye maharage au mboga ili zilainike, lakini alumini haivumilii asidi wala magadi. Yote mawili huila. Ukiona maji yamekuwa ya kijivu na sufuria imeweusika ndani, ndicho kinachotokea. Weusi huo usiukwangue kwa stilwaya hadi metali nyeupe itokee, kwa sababu unaondoa tabaka linalozuia metali kuingia kwenye chakula.

Kwa mafundi wanaosubu vyombo vya kulia tunasema bila kuzunguka: pistoni, vichwa vya silinda na rimu zitengwe kwenye rundo lao, na rejeta, lehemu na chochote kilichotoka kwenye betri visikaribie chungu hicho hata kwa bahati mbaya.

Kikaango changu cha chapati, kile kizito cha chuma, kinashika kutu kila wiki. Nikiosha kwa sabuni, chapati zinaganda. — Mpishi wa hoteli ndogo, Mwanza

Kutu haimaanishi kimekwisha. Kwangua kutu yote hadi chuma kitokee, kioshe, kikaushe juu ya moto mpaka tone la maji likauke papo hapo. Kikiwa bado na joto, kipake mafuta ya kula kwa kitambaa, kisha kifute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Yakibaki mengi yatanata. Kiweke juu ya moto wa wastani hadi kiache kutoa moshi. Rudia mara 4 au 5. Mafuta yanayoungua hivyo hugeuka utando mgumu mweusi, na huo ndio unaozuia kutu na kuachia chapati.

Baada ya hapo kioshe kwa maji ya moto, sabuni kidogo si kosa, lakini usikiloweke. Na usimwagie maji baridi kikiwa moto. Chuma cha kusubu hakina mnyumbuliko, kitapasuka kwa mlio, na ufa huo hauna dawa jikoni.

Mguu wa mashine yangu ya kusaga ni wa kasti. Umepasuka, nimeuchomelea mara mbili, na mara zote umepasuka pembeni ya pale palipochomelewa. — Mwenye mashine, Arusha

Fundi wako ametumia elektrodi ya kawaida, ile ya mageti na madirisha. Kasti, yaani chuma cha kusubu, ina kaboni kati ya asilimia 2.5 na 4, wakati chuma cha mageti kina chini ya asilimia 0.3. Palipopata moto na kupoa ghafla, kaboni hiyo hufanya chuma kiwe kigumu na chepesi kuvunjika. Kidonda kinapopoa kinavuta, na ukanda ule mgumu wa pembeni unakatika.

Mwambie afanye hivi. Atafute mwisho wa ufa pande zote mbili na kutoboa kwa drili ya milimita 3, ufa usiendelee kutembea. Autanue ufa kwa grainda uwe wa umbo la V, na aunguze mafuta yote yaliyonyonywa, maana kasti hunywa mafuta. Anunue elektrodi za nikeli. Ni ghali, lakini kazi hii inahitaji chache tu. Achomelee vipande vifupi vya sentimita 2 hadi 3, kila kimoja akigongegonge kwa nyundo ndogo kikiwa bado chekundu, kisha asubiri. Mahali hapo paweze kuguswa kwa mkono kabla ya kuweka kipande kingine. Akimaliza, mguu ufukiwe kwenye majivu makavu au chokaa kavu hadi kesho yake. Asiumwagie maji, wala asiuache kwenye upepo.

Kama ufa umepita kwenye tundu la bolti linalobeba mota, sisi tungeusubu upya au kuufunga kwa bamba la chuma na bolti. Mtetemo wa mashine ya kusaga haubembelezwi.

Tunayeyushia juu ya sakafu ya zege na hatujawahi kuumia. Mwenzetu mpya anasisitiza tuweke mchanga. Ni lazima? — Kikundi cha jua kali, Nairobi

Msikilizeni, na leo hii. Zege linaonekana kavu, lakini lina maji ndani. Metali ikimwagika juu yake, maji hayo hugeuka mvuke unaochukua nafasi takribani mara 1,600 ya maji yenyewe, na hayana pa kutokea ila kulipasua zege na kurusha metali usoni mwa aliye karibu. Tandazeni mchanga mkavu wa sentimita 5 hadi 8 chini ya tanuri, kwenye njia ya kupita na mahali pa kumiminia. Kila kinachoingia chunguni, koleo, upawa, hata kipande cha skrepa cha nyongeza, kipashwe moto kwanza. Pistoni yenye tone la maji ndani ya tundu la pini inatosha kulipua chungu kizima.

Vaeni pamba au ngozi. Nailoni na poliesta huyeyukia mwilini. Suruali ishuke nje ya kiatu, isichomekwe ndani yake, na kiatu kiwe cha kuvuliwa mara moja. Rimu nyingine ni za magnesi, nyepesi mno ukiinua. Zikishika moto huwaka kwa mwanga mweupe mkali, na maji huzichochea. Moto huo, kama ule wa alumini, hufunikwa kwa mchanga mkavu. Akiungua mtu, ngozi ipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe.

Mnaposubu shaba ya manjano, ule moshi mweupe ni zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, ambapo ndipo shaba hiyo inapoanza tu kuyeyuka vizuri. Anayeuvuta hupata homa na baridi usiku, mara nyingi hudhani ni malaria. Maziwa hayazuii homa hiyo, ingawa imani ni kubwa. Kinachozuia ni kusimama upande upepo unakotoka, kufunika metali kwa vumbi la mkaa, na kutoyeyusha mabati ya rangi ya fedha hata kidogo.

Betri za gari msiziguse. Vumbi la risasi hufuata nguo hadi nyumbani, likaishia kwa mtoto anayepokea mfuko wa baba mlangoni.

Siwa ya shaba ya Lamu, ile baragumu ya sherehe, ina uwazi ndani. Wazee waliisubuje bila mashine? — Mwanafunzi, Zanzibar

Kwa nta. Hutengenezwa kwanza kiini cha udongo chenye umbo la uwazi wa ndani. Juu yake hupakwa nta ya nyuki yenye unene uleule utakaokuwa wa shaba, na nakshi zote huchongwa kwenye nta. Vijiti vya nta huongezwa kama njia ya kuingizia metali na kutolea hewa. Kisha udongo: tabaka la kwanza laini kabisa, limechujwa ili lishike kila mstari wa nakshi, na yanayofuata ni mazito, yakichanganywa na samadi au makapi ili yapumue. Vipini vya metali hupenya nta na kukishikilia kiini, kisisogee nta itakapoondoka. Hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, huchomwa, nta inatoka, na shaba humiminwa kalibu ikiwa bado moto. Kalibu huvunjwa, kwa hiyo kila kazi ni moja tu.

Kwa anayetaka kujaribu kitu kidogo: pima uzito wa nta pamoja na vijiti vyake, zidisha kwa 9, hicho ndicho kiasi cha shaba utakachohitaji. Ongeza kidogo kwa ajili ya mdomo wa kumiminia. Shaba ikipungua katikati ya kumimina, hakuna kurudia.

Si kila kitu cha zamani kilihitaji nta. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyotumika kama fedha kwa karne nyingi, ilimiminwa kwenye kalibu za wazi. Umbo bapa halihitaji zaidi ya hapo.

Nilitumia puli nzima ya zamani kama modeli. Mpya imetoka ndogo, na baada ya kukerezwa imekuwa ndogo zaidi. — Fundi, Bujumbura

Metali ngumu nayo huendelea kusinyaa inapopoa. Alumini hupungua kama milimita 13 kwa kila mita, chuma cha kusubu 10, shaba ya manjano 15. Puli ya milimita 300 ikinakiliwa moja kwa moja hutoka 296, na kukereza huondoa zaidi.

Chonga modeli ya mbao. Unataka puli iliyokamilika ya milimita 300: ongeza 3 kila upande za kukerezwa, inakuwa 306, kisha zidisha kwa 1.013, unapata 310. Kuta za modeli zipe mteremko wa nyuzi 2, yaani kama milimita 3.5 kwa kila milimita 100 za kina, ili itoke bila kuburura mchanga. Tundu la shafti likiwa dogo, liache lizibe, litobolewe baadaye. Na mfereji wa mkanda usiuweke kwenye modeli, utang'oa mchanga unapoinua. Acha ukingo mzima, fundi wa kukereza auchonge kwa pembe ya mkanda wako.